Vitu vya meno: kipi kinarudi mdomoni, kipi kinatupwa? Tupeane uzoefu

Kibogoyo Mstaafu: Wakuu, heshima mbele. Tumemaliza arobaini ya bibi, sanduku lake likafunguliwa, meno yake ya bandia yakakutwa yamo. Shangazi kayang'ang'ania, eti yaligharimu hela nyingi, atayavaa yeye. Nusu ya ukoo inacheka, nusu inamuunga mkono. Waliopitia mambo ya meno tupeni uzoefu: kofia (zile za kufunika jino), vizibo vya matundu, miswaki, vifaa vya daktari, chochote.

Fundi Akriliki: Natengeneza hayo meno. Mwambie shangazi taratibu kwamba hayatamkaa. Tunayafinyanga juu ya umbo la fizi za mtu mmoja, na hata huyo mwenyewe yanamlegea baadaye kwa sababu mfupa wa taya unaendelea kupungua baada ya meno kung'olewa. Ya kwako yakilegea yarudishe, ndani yanawekewa tabaka jipya. Yakivunjika, njoo na vipande vyote na supa glu uiache nyumbani! Ukigandisha vibaya kidogo tu, kazi yangu imeharibika. Usiku yalaze kwenye maji ya kawaida, ya moto yanayapinda.

Kibogoyo Mstaafu: Kuna moja la dhahabu pembeni. Hilo nalo?

Fundi Akriliki: Hilo mpelekee sonara 😂

Mpemba wa Tandika: Mimi kofia ilichomoka nikitafuna hindi la kuchoma. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaenda nayo. Daktari akakagua jino lililokuwa chini ya kofia kama halijaoza, akaisafisha, akaibandika ileile. Wakati jino linatibiwa niliwekewa kizibo cha muda kinachonukia karafuu. Nikamuuliza, kumbe kweli: ni unga wa zinki na dawa inayotokana na mafuta ya karafuu. Kwetu tumekulia kwenye majamvi ya karafuu, harufu ile ilinifariji kuliko maneno ya daktari. Ila ni cha muda, usikizoee.

Dada wa Zamu: Kwa wanaoogopa vizibo vya rangi ya fedha: ndiyo, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyoungana na fedha, bati na shaba. Kama chako ni kizima, usikimbilie kukitoa, maana kukichimba ndiko kunakotoa mvuke mwingi. Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulifanyiwa marekebisho 2022: watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha wasiwekewe, isipokuwa mtaalamu aone ni lazima.

Mzee wa Mnadani: Mnadani kwetu kulikuwa na jamaa anang'oa meno, koleo moja, ndoo moja ya maji yenye spiriti. Nilipoona aliyenitangulia anatema damu na koleo lilelile linageukia kwangu, niliondoka na maumivu yangu. Homa ya ini B haichagui mtu. Dada wa Zamu, kwenu mnafanyaje?

Dada wa Zamu: Sindano ya ganzi na kichupa chake ni vya mtu mmoja, vinatupwa. Koleo linaoshwa kwanza, kisha linaingia kwenye mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3. Una haki ya kuomba pakiti ifunguliwe mbele yako. Mswaki nao miezi mitatu unatosha, ukichakaa mpe fundi cherehani asafishie mashine.

Mama Pacha: Wangu aligongwa na mpira wa kikapu, jino la mbele la ukubwani likatoka zima. Mwalimu alilishika upande mweupe, hakugusa mzizi, akalitumbukiza kwenye kikombe cha maziwa tukakimbia. Daktari alilirudisha, akalifunga kwa waya na majirani zake, baadaye likatibiwa mzizi. Hadi leo analitafunia. La utoto halirudishwi, linaweza kuumiza linaloota chini yake.

Mzee wa Mnadani: Na maziwa yasipokuwepo, mama?

Mama Pacha: Tuliambiwa bora zaidi ni kulirudisha palepale kwenye tundu lake, mtoto ang'ate kitambaa. Ikishindikana, ateme mate kwenye kikombe, lilowe humo. Ndani ya nusu saa muwe mmefika.