Naomba ushauri: Mint ya kawaida au LMDE?
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kwa mnaoijua Linux. Nataka kuhamia Mint (mfumo endeshi wa Linux, kama ilivyo Ubuntu na Debian) jumla kwenye kompyuta ya kazi ila kwenye ukoo wake ndo nakwama. Ubuntu tangu 2004 inachukua vifurushi (programu zilizofungashwa) vya Debian inavijenga upya, halafu Mint 22 nayo imekaa juu ya Ubuntu 24.04 na apdeti nyingi inazivuta hukohuko kwenye seva za Ubuntu, ila snap (mfumo wa Ubuntu wa kusakinisha programu) wameizuia, na huko kuizuia mi nakupenda sana. Sasa kuna hii LMDE (Linux Mint Debian Edition) inairuka Ubuntu inaenda kwa Debian yenyewe. Kwa anayetaka utulivu wa muda mrefu ipi bora? Na zile PPA (hazina za programu za ziada) za Ubuntu nikienda LMDE ndo nazisahau? Draiva za kadi za picha za Nvidia je, zinasumbua? Mliotumia zote mbili nisaidieni.