Uvimbe wa sm 2.3 juu ya figo na presha isiyoshuka: nianzie kipimo gani?

Tabibu_Wilayani
Habari za kazi wakuu. Nina mgonjwa, mama wa miaka 52. Alipigwa CT ya tumbo kutafuta vijiwe vya nyongo, ikaonekana tezi ya adrenali (tezi ya homoni iliyo juu ya figo) ya kushoto ina uvimbe wa sm 2.3. Ripoti inasema "huenda si saratani", Hounsfield (namba ya CT ya uzito wa tishu) 62, picha zilipigwa baada ya dawa ya mshipa (ya kung'arisha picha). Presha 168/102 akiwa anameza amlodipini mg 10, losartani mg 100 na haidroklorothiazidi mg 25. Potasiamu 3.0, iko chini. Yuko mwezi wa tano wa dawa za TB. Ndugu zake wanataka uvimbe ukatwe haraka.

Mionzi
Hiyo 62 iache kwanza. Dawa ya mshipa hupandisha namba ya kila kinachopitiwa na damu, kwa hiyo haikuambii kama uvimbe una mafuta. Waulize kama kuna picha za kabla ya dawa. Mara nyingine zipo kwenye mashine ila ripoti haikuzigusa. Kama hazipo, arudie CT ya eneo hilo tu, bila dawa. Anayepima achore duara katikati ya uvimbe bila kugusa kingo, maana mafuta ya nje yatashusha namba kwa uongo. Ikitoka 10 au chini, na uvimbe ni wa rangi moja, ni adenoma (uvimbe wa tezi usio saratani), na hata picha za kufuatilia hazihitajiki. Ikizidi 20, au uvimbe ukizidi sm 4 na una mabaka, daktari wa upasuaji aitwe mapema.

Daktari_wa_Homoni
Ndugu waelezwe kwamba uvimbe wa aina hii hudhuru kwa homoni unazomwaga, na mwingi haumwagi kitu. Kwa mama huyu nawaza aldosteroni, homoni inayopandisha presha na kushusha potasiamu. Haidroklorothiazidi nayo hushusha potasiamu, lakini hiyo isikufanye uache kupima aldosteroni pamoja na renini (kimeng'enya cha figo kinachochochea aldosteroni).

Kwanza pandisha potasiamu ifike 4, kwa sababu ikiwa chini tezi hupunguza aldosteroni na majibu yanadanganya. Siku hizo asipunguze chumvi. Usimsimamishie dawa za presha: losartani na haidroklorothiazidi zote hupandisha renini, hivyo renini ikiwa chini kabisa huku anazimeza, jibu hilo lina uzito mkubwa.

Sasa rifampisini, mojawapo ya dawa zake za TB, ambayo husahaulika mno. Inalichochea ini livunje amlodipini haraka, na losartani kwa kiasi. Huenda sehemu ya presha hiyo "sugu" ni dawa kutofika kwenye damu ya kutosha. Ndiyo pia inayoharibu kipimo cha kotisoli, homoni nyingine ambayo uvimbe huu unaweza kumwaga: deksamethasoni mg 1 saa 5 usiku, damu saa 2 asubuhi, na kotisoli ya 50 nmol/L au chini ni sawa. Akipimwa leo, deksamethasoni, ambayo kazi yake ni kushusha kotisoli, itavunjwa kabla ya kufanya kazi, kotisoli itabaki juu, naye atapewa ugonjwa asio nao. Amalize dozi ya TB, zipite wiki 4, ndipo apimwe. Dawa ya TB isikatizwe kwa ajili ya kipimo hata siku moja.

Maabara_Kwanza
Naongeza la sampuli. Awe ameamka na kutembeatembea kwa muda wa saa mbili, akae dakika 5 hadi 15, ndipo atolewe damu. Chupa ya renini ISIWEKWE kwenye barafu. Wengi huitia kwenye kisanduku cha baridi kwa mazoea, na baridi hugeuza prorenini (renini ambayo bado haifanyi kazi) kuwa renini: namba inapanda, mwenye ugonjwa anaambiwa hana. Na asikunje ngumi tena na tena wakati wa kutolewa damu, potasiamu itapanda kwa uongo.

Tabibu_Wilayani
Asanteni sana wakuu. Na CT isiyo na dawa ikizidi 10? Halafu kupima damu ya mishipa ya adrenali, ili kujua homoni inatoka upande gani, huku hakuna.

Daktari_wa_Homoni
Ikizidi 10, pima metanefrini (mabaki ya adrenalini) kabla ya mtu yeyote kugusa uvimbe. Feokromositoma (uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini) ikichomwa sindano ya kuchukua kinyama, au mgonjwa akilazwa usingizi bila maandalizi, presha inaweza kupanda hadi kuua. Ikiwa ndiyo, propranololi (beta-bloka) isitangulie. Inaanza doksazosini (dawa ya kulegeza mishipa) siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, pamoja na chumvi na maji ya kutosha. Beta-bloka hufuata baadaye kama moyo unakimbia.

Aldosteroni ikithibitishwa, usimpeleke kukatwa kwa kutazama CT peke yake. Katika umri wake, uvimbe usiomwaga kitu unaweza kuwa kushoto huku homoni inatoka kulia, au pande zote mbili. Mpe spironolaktoni (dawa inayozuia aldosteroni) mg 25, ondoa vidonge vya potasiamu, kisha pima potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo) baada ya wiki 1 na tena wiki ya 4, kwa kuwa yuko kwenye losartani. Potasiamu ikizidi 5.5, punguza au simamisha spironolaktoni na urudie kipimo ndani ya siku chache.