Programu ya chama haiwatambui wanachama kila seva inapowashwa upya: naombeni ushauri

Mwana_wa_Ziwa (Kisumu): Ndugu zangu, ninatunza programu ya chama cha akina mama wauza samaki, niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Michango ya kila mwanachama hutafutwa kwa namba iliyo kwenye kadi yake. Umeme ukikatika na seva ikawashwa upya, programu humwambia mwanachama wa miaka mingi kwamba hajulikani. Hifadhidata nimeikagua, ni nzima. Je, seva ndiyo mbovu? Siku ya kugawana akiba imekaribia na sipati usingizi.

Fundi_Nakuru: Hukutuambia namba hiyo inatoka wapi.

Mwalimu_Kakamega: Fedha za watu ni amana. Kikundi chetu bado kinatumia daftari na kila mama hutia sahihi mbele ya wenzake. Chapisha orodha yote kwenye karatasi kabla ya mkutano.

Mwana_wa_Ziwa: Asante, mwalimu, nitaichapisha. Fundi, programu huipitisha namba ya simu kwenye hash(), amri ya Python inayogeuza data kuwa namba iitwayo heshi, kisha hubakiza tarakimu sita za mwisho. Nilitaka simu za watu zisionekane kwenye kadi, na sababu hiyo bado ni nzuri. Kadi zimekwisha kutolewa. Nimesoma kwamba nikiweka PYTHONHASHSEED, mpangilio wa Python unaoongoza hash(), kuwa 0 thamani hazitabadilika tena, nami nakusudia kufanya hivyo leo.

Mkereketwa_wa_Java (Bungoma): Ungetumia Java usingehangaika, kwa maana heshi ya matini (maandishi, si namba ya hesabu) katika lugha hiyo hupatikana kwa kanuni isiyobadilika, ya kuzidisha kwa 31. Hata hivyo "Aa" na "BB" zote hutoa 2112, kwa hiyo heshi si kitambulisho cha mtu. Kwa tarakimu sita, wanachama wapatao 1,200 wanatosha kuufanya uwezekano wa wawili kugongana, yaani kupata namba moja, kuwa nusu kwa nusu.

Msomaji_Makini: Mimi nashuku kisa hiki kimetungwa. Heshi ya namba kamili ndogo katika Python ni namba yenyewe: hash(254) ni 254 leo na kesho. Simu ni namba, ingebadilikaje?

Mwana_wa_Ziwa: Sijatunga, ndugu. Simu zetu huanza na sifuri, na ukiihifadhi kama namba kamili sifuri hiyo hupotea. Nimezihifadhi kama matini.

Fundi_Nakuru: Basi anasema kweli. Heshi ya matini huchanganywa na mbegu ya siri, yaani namba ya kuanzia hesabu, inayochaguliwa upya kila programu inapoanza. Ndivyo ilivyo tangu Python 3.3 ya mwaka 2012, baada ya kudhihirika kwamba mtu mwenye nia mbaya angeweza kutuma kwa seva rundo la funguo (maneno ya kutafutia data) zenye heshi moja hadi ielemewe. Thamani hiyo ni ya kupanga vitu ndani ya kumbukumbu ya mashine tu, na programu ikizimwa kazi yake imekwisha. Ukiweka 0 utaondoa kinga hiyo, na kadi za zamani bado hazitalingana, kwa kuwa mbegu iliyozizaa haikuandikwa popote. Je, namba za kadi zimo katika hifadhidata kando ya simu?

Mwana_wa_Ziwa: Zimo. Lakini programu huzikokotoa upya kila mara.

Fundi_Nakuru: Iache isikokotoe. Isome namba iliyokwisha kuandikwa, na kadi zote zitafanya kazi. Wanachama wapya wapewe na hifadhidata namba za mfululizo zenye tarakimu saba, zisigongane na za zamani. Ila usiku huu, kabla ya lolote, tafuta kama kuna akina mama wawili wenye namba moja.