Naomba ushauri: kaka yuko Oman, nyumba imepangishwa Sinza, kodi ya mapato inakuwaje?

Habari zenu wakuu. Kaka yangu anafanya kazi Muscat. Mkewe na watoto wako Mbezi kwenye nyumba aliyoijenga, na nyingine ya Sinza amepangisha kampuni. Mimi ndiye msimamizi.

Nilivyoielewa Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, unahesabika mkaazi ukikaa nchini siku 183 au zaidi ndani ya mwaka, au ukiwepo mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Kaka hafiki huko, huja likizo tu. Lakini sheria hiyohiyo inasema mwenye makazi ya kudumu Tanzania, akiwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka, ni mkaazi. Hapo ndipo ninaposhindwa kulala.

Asiye mkaazi hutozwa mapato yenye chanzo Tanzania pekee, asilimia 30, bila zile ngazi za viwango vya kodi zinazoanzia asilimia sifuri. Mkaazi anapata ngazi, ila mapato yake ya popote duniani yanahesabiwa. Ina maana hata mshahara wa Muscat, ambako hakatwi kodi ya mshahara!

Je, nyumba anayoishi familia yake ndiyo makazi ya kudumu mbele ya TRA? Aliyewahi kupitia hili anisaidie, hasa wahasibu. Kampuni inataka kujua imkate kodi ya zuio (ile anayoikata mpangaji kwenye pango kabla ya kulipa) kama mkaazi au la, na malipo yanakaribia. Sitaki kaka adaiwe riba na faini baadaye.