Chakula cha jioni melini: meza ya pamoja na wageni au meza yenu wenyewe?

Mkaa_Forodhani

Salaam wadau. Kuna jambo mawakala wengi wanalipitia juu juu, naomba tulichambue hapa. Ukikata tiketi ya meli ya kitalii, fomu inakuuliza mambo mawili kuhusu chakula cha jioni: zamu (ya mapema, ya usiku au muda huru) na meza ya watu wangapi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mtakula na watu msiowajua safari nzima au mtakula wenyewe.

Ninaowaulizia ni mtu na mkewe. Wanapanda Dubai kwa usiku 7, majira ya baridi. Hawali nguruwe wala chakula kilichopikwa kwa mvinyo. Mke anataka wakae wawili tu, mume anataka meza yenye watu apate mazungumzo. Nani ana hoja? Na faragha yenyewe inagharimu nini? Nataka maelezo ya kutumika, sio "inategemea".

BwaloLaChini

Mkuu, anza na mfumo kabla ya kuhesabu viti.

Kwenye mfumo wa zamu, ukumbi mkuu hulisha makundi mawili. La kwanza huingia kati ya saa 11:30 jioni na saa 12:30, la pili kati ya saa 2:00 na saa 3:00 usiku. Meza ni ileile kila siku, wahudumu walewale, na kama meza ni ya pamoja, wenzenu pia ni walewale. Kampuni za meli za MSC na Costa wanatumia mfumo huu, vilevile Traditional Dining ya Royal Caribbean na ukumbi wa Britannia kwenye meli za Cunard. Kwenye muda huru mnaingia mnapotaka na mnapewa meza iliyo wazi. Kampuni ya Norwegian waliachana na zamu walipoleta Freestyle, yaani kula kwa muda huru, mwaka 2000. Royal Caribbean wana My Time Dining, Carnival wana Your Time Dining: unajiandikisha kwenye simu, meza ikiwa tayari unaitwa. Kwenye muda huru, wawili wakifika wawili hukaa wawili, isipokuwa waombe wenyewe kuunganishwa na wengine.

Sasa kosa la wengi ni kudhani meza ya wawili ni faragha. Kwenye meli nyingi meza hizo zimepangwa mstari mmoja, kandokando ya ukuta au dirisha, na kati ya meza na meza kuna nafasi ya mhudumu kupitisha nyonga tu. Mtasikia kila neno la jirani, naye atasikia yenu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewatambulisha, kwa hiyo mnakaa sentimita 30 au 40 kutoka kwa watu ambao hamjui muwasalimie au muwaache. Isitoshe, meza za wawili ndizo zinazojazia pembe zilizobaki: karibu na mlango wa jikoni, au kando ya kabati la mhudumu ambako visu na uma vinapangwa huku wageni wanakula. Mke akitaka faragha, asiombe "meza ya wawili" peke yake. Aombe meza ya wawili iliyosimama peke yake, mbali na mlango wa jikoni. Ni ombi la kawaida na wanalielewa.

Kwa upande wa mume: aombe meza ya 6 au ya 8. Asikubali ya 4. Kwenye meza ya wanne, jozi mbili zinatazamana wiki nzima, na mmoja akiwa mzito wa maneno au mwenye kelele, hamna pa kugeukia. Ya 8 ina nafasi ya kuzungumza na wa kushoto leo na wa kulia kesho, na mtu mmoja akikosekana mazungumzo hayafi. Kuanzia 10 kwenda juu, meza ya duara inakuwa pana mno, huwezi kumsikia wa upande wa pili.

Dada_Sitaha

Naongezea la muda, maana ndilo linaloleta ugomvi mwingi mezani. Meza ya 8 huchukua saa moja na dakika 45 mpaka saa mbili kamili. Ya wawili mnaweza kumaliza kwa saa moja na robo. Mhudumu mmoja na msaidizi wake wana watu ishirini na kitu kwa zamu moja. Hawatoi oda ya mtu mmoja mmoja, wanasubiri meza nzima iagize, jikoni inatoa sahani za meza nzima pamoja, na hawaleti kozi ya pili mpaka wote wamemaliza ya kwanza. Mtu mmoja akichelewa dakika 20, nyote mmechelewa dakika 20. Akiagiza vianzio vitatu, nyote mnamngoja.

Kwa hiyo kwenye meza ya pamoja kuna adabu mbili zisizoandikwa: fikeni ndani ya dakika 10 za mwanzo, na mkijua hamji (mmeweka nafasi mgahawa mwingine, mmechoka na matembezi), mwambieni mhudumu usiku wa kuamkia siku hiyo. Bila hivyo anawangoja bure na wenzenu wanakaa na njaa.

Mswahili_wa_Ruwi

Assalaam alaykum. Kwa hao wanaopanda Dubai, kuna mambo mawili yanayozidi hata suala la wageni.

La kwanza ni swala. Desemba na Januari, Magharibi ya Dubai inaingia kati ya saa 11:30 jioni na saa 12:00, au inapita kidogo hapo. Zamu ya mapema inaangukia palepale. Ukiwa kwenye meza ya pamoja ukaondoka katikati ya kozi, ndio yale ya dada Sitaha, wote wanakungoja. Zamu ya usiku inaanza wakati Magharibi na Isha zote zimeshaingia. Hao wawili wachukue zamu ya usiku, wala wasisite.

La pili ni chakula chenyewe, na hapa ndipo mfumo wa zamu unaushinda muda huru. Anayetaka chakula maalumu hupewa utaratibu huu: mwisho wa chakula cha leo, mkuu wa wahudumu wa eneo lenu anakuletea menyu ya kesho. Unachagua, anaandika namba ya meza na vitu vya kuondoa, jikoni wanakupikia sufuria yako. Kesho sahani inakuja ikiwa na namba ya meza. Jambo hili linafanya kazi vizuri meza ikiwa ileile na mkuu akiwa yuleyule. Kwenye muda huru mnabadilishiwa eneo kila usiku, karatasi inabaki kwa mkuu wa jana, na mnaanza kueleza upya huku foleni ikiwa mlangoni.

Vya kuuliza kwa jina, maana kusema "sili nguruwe" tu hakutoshi:
– mchuzi wa nyama, mara nyingi umechemshwa na mvinyo;
– tiramisu na keki zilizoloweshwa pombe;
– panna cotta, mousse na cheesecake isiyookwa, hizi hugandishwa kwa jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe;
– vipande vya bekoni juu ya saladi ya Caesar na ndani ya supu nzito;
– bamba la kuchomea, kama nyama yako inachomwa palepale walipochoma bekoni.

Ombi litangulie safari kwa maandishi. Royal Caribbean wanataka siku 45 kabla, na kwa safari za Ulaya wanataka mapema zaidi. Kampuni nyingine zina muda wao, ila siku 45 ni kipimo kizuri kwa zote. Samaki na menyu ya mboga ya Kihindi ndiyo kimbilio la usiku wa kwanza, kabla utaratibu haujakaa sawa.

BwaloLaChini

Sheikh, hoja ya menyu ya kesho ni nzito, wengi hawaijui. Nayo inafanya kazi hata kwenye meza ya wawili, mradi iwe ndani ya mfumo wa zamu. Kwa hiyo swali la zamu limekwisha, limebaki la viti.

Mama_Watoto3

Sikubaliani na kuikataa meza ya 4 moja kwa moja. Familia ya watu wanne iombe ya 4 iwe yao yote. Mkiomba ya 6 kwa ajili ya upana, viti viwili vitajazwa. Na familia mbili zilizokata tiketi kwa namba tofauti lazima wakala aunganishe hizo namba za buking mapema, na zote ziwe zamu moja. Mkuu wa ukumbi hawezi kuwakalisha pamoja kama mmoja yuko zamu ya mapema na mwingine ya usiku.

Wenye watoto wadogo waende zamu ya mapema na meza yao wenyewe. Royal Caribbean wana utaratibu wa kuwalisha watoto wa miaka 3 mpaka 11 kwa dakika 40 hivi, kisha wahudumu wa klabu ya watoto wanakuja kuwachukua ukumbini na wazazi wanamalizia kwa utulivu. Disney wanahamisha familia kutoka mgahawa hadi mgahawa kila usiku, na wahudumu wanahama nanyi, ndivyo walivyoanza na Disney Magic mwaka 1998.

KitiKimoja

Na msafiri wa peke yake? Kwake meza ya pamoja ndiyo yenye faida kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote, maana tayari analipa nyongeza ya chumba cha mtu mmoja. Aombe ya 8, zamu ya usiku. Meza ikianza kupukutika (wengine huhamia bufee baada ya siku mbili tatu), asikae na viti vitupu, amwambie mkuu wa ukumbi aiunganishe na nyingine. Norwegian wana vyumba vya mtu mmoja tangu Norwegian Epic ya 2010, vyenye sebule yao, na huwa kuna mwenyeji anayekusanya wasafiri hao waende kula pamoja.

Daftari_la_Bei

Bei za faragha, kuanzia ya bure.

Chumbani: Disney hawatozi kuletewa chakula. Royal Caribbean wanatoza kama dola 8 kwa oda na kuongeza asilimia 18, ila kifungua kinywa chepesi ni bure. Menyu ni fupi: baga, sandwichi, saladi, piza. Kwenye balkoni upepo ukizidi, vifuniko na leso vinaruka, agizeni meli ikiwa bandarini.

Mgahawa wa kulipia: dola 40 mpaka 70 kwa mtu, pamoja na bakshishi ya asilimia 18 mpaka 20 kwenye bili. Hapo meza zimeachana kweli. Kwa usiku 7, usiku mbili za mgahawa huo zinawatosha wawili wanaotaka kukaa peke yao, na tano zilizobaki wakae ukumbini. Angalieni: ile inayoitwa Chef's Table si faragha hata kidogo. Ni meza moja ya watu kama 12 au zaidi, wote wageni, na bei yake ni kubwa kuliko ya mgahawa wenyewe.

Daraja la juu: Yacht Club, eneo la vyumba vya daraja la juu kwenye meli za MSC, ina mgahawa wake. Cunard wanapanga meza kwa daraja la chumba: wa Queens Grill na Princess Grill wana meza yao na wanaingia wakitaka bila zamu, na wa Britannia Club nao wana ukumbi wao mdogo usio na zamu. Jambo hili la kulipia kukaa kando ni la zamani sana, meli ya Kijerumani Amerika ilikuwa na mgahawa wa kulipia tangu 1905.

Bakshishi ya kila siku, dola 16 mpaka 20 kwa mtu, haipungui mkila wenyewe.

Mkaa_Forodhani

Shukrani sana. Nimewafikishia: zamu ya usiku, ombi la chakula kwa maandishi. Kwenye viti bado wanavutana. Wakijaribu meza ya 8 na isiwapendeze, wanatoka vipi bila kuwavunjia watu heshima? Na lugha je? Kiingereza chao ni cha kawaida.

Dada_Sitaha

Lugha: kwenye meli za MSC wageni hupangwa kwa lugha iliyojazwa kwenye buking. Wakala asiiache ilivyo. Ajaze Kiingereza kama ndiyo wanayoiweza zaidi, wasije wakapangwa na Wajerumani au Wataliano sita.

Kutoka: wajaribu ya 8, na wajue mlango wa kutokea kabla hawajakaa. Siku ya kupanda, mchana, mkuu wa ukumbi huketi mlangoni na ramani ya meza, saa zake zimeandikwa kwenye ratiba ya siku. Waende hapo kwanza waione meza yao iko wapi. Usiku wa kwanza wasiutumie kupima, nusu ya meza huwa bufee wakingoja mizigo. Wapime usiku wa pili. Isipowafaa, asubuhi ya tatu, sio wakati wa chakula na sio mbele ya wenzao, wamwambie mkuu: "Tunaomba meza ya wawili kuanzia leo, zamu hiihii, na tubaki eneo la mhudumu yuleyule ikiwezekana." Sababu haihitajiki, na hatauliza. Kipande cha mwisho ni muhimu, maana kikikubaliwa karatasi ya chakula chao haihami. Kikikataliwa, wampe mkuu wa wahudumu wa eneo jipya orodha ya sheikh yote upya, usiku uleule. Baada ya usiku wa tatu meza za wawili zimeshagawanywa, na watabaki wakiandikwa kwenye orodha ya kusubiri.

Waliokuwa nao mezani wakikutana nao sitahani, wasalimiane kama kawaida. Wahudumu huwaambia tu kwamba wenzenu wamebadilishiwa.

Mswahili_wa_Ruwi

Na wampe mhudumu wa kwanza chochote mkononi kabla ya kuhama. Ile bakshishi inayokatwa kwenye akaunti inagawanywa kwa wote.