Siku zote zinafanana na kichwa kimekauka, wenzangu mnapata wapi cha kuandika?

Kalamu_Kavu
Wadau habari zenu. Naombeni mawazo yenu kwenye hili, maana nimelikalia muda mrefu peke yangu. Natunga hadithi fupi na mashairi kidogo, sio kazi ya kuniingizia hela ila ndo kitu nachokipenda kuliko vyote. Sasa tangu mama aanze kuumwa niko nyumbani muda wote, asubuhi dawa, kumgeuza, kumsafisha, kufua mashuka, mchana dawa, jioni dawa, kesho yake hivyohivyo. Simnung'unikii hata kidogo, namhudumia kwa moyo wangu wote. Shida ni kwamba akishalala nachukua daftari na hakuna kinachokuja, yaani hata sentensi moja. Zamani wazo lilikuwa linanijia nikiwa safarini au nikikaa na watu, sasa hivi siendi kokote na sioni mtu. Halafu kuna huzuni na uchovu juu yake. Nyie mlipopitia kipindi kama hiki mlifanyaje? Au mnaacha kwanza mpaka mambo yakae sawa?

Msimulizi
Pole sana ndugu yangu, na mama Mungu amjalie afya. Mimi ningekushauri kwa sasa usitafute hadithi, okota vipande tu. Weka karatasi jikoni au hapo karibu na kitanda na kila siku andika kitu kimoja ulichokiona au kukisikia, hivyohivyo kilivyo bila kukipamba. Mama kasema neno gani leo wakati unamgeuza? Akitaka maji anaita vipi, anakutaja jina au anagonga ukingo wa kitanda? Mkono wake ukiushika uko vipi siku akiwa na homa na siku akiwa hana? Mtu aliyeko nje ya hicho chumba hawezi kubuni hayo hata awe na kipaji vipi, wewe unayaona kila siku ndo maana unaona ni ya kawaida.

Na kingine ni simu. Zile dakika unasubiri uji upoe au mama apate usingizi najua mkono unakwenda kwenye simu wenyewe. Mwaka 2014 kuna watafiti wawili wa Uingereza, Sandi Mann na Rebekah Cadman, waliwapa watu kazi ya kuchosha kabisa ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu, kisha wakawaambia watafute matumizi mengi kadiri wanavyoweza ya vikombe viwili vya plastiki. Waliochoshwa na zile namba wakaja na mawazo mengi kuliko ambao hawakupewa hiyo kazi. Akili ikikosa cha kufanya huwa inaanza kuzurura yenyewe, sasa ukiipa simu kila inapotaka kuzurura haifiki popote. Jaribu kuiacha chumba kingine wakati unafua uone.

Mzee wa Vina
Mwanangu pole, kuuguza mzazi ni kazi nzito. Umesema unatunga na mashairi, basi mimi nakwambia kwa kipindi hiki achana na hadithi shika shairi, tena shairi la kanuni, lenye vina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (hesabu ya silabi katika kila kipande). Watu wanadhani kanuni inabana, lakini mtu aliyechoka kanuni inamsaidia sana, kwa sababu hauulizwi tena "niandike nini", unaulizwa swali dogo zaidi, neno gani linaishia na "cha" na litaingia kwenye mizani nane? Swali kama hilo unaweza kutembea nalo kichwani huku unafua, bila daftari wala meza. Ubeti mmoja tu, mishororo minne, basi, usijipe zaidi.

Juzi nilikosa usingizi kwa ajili ya bomba linalovuja, nikachukua hilohilo tone:

*Tone laanguka chini, na usiku haujacha,*
*Nalisikia kwa ndani, usingizi wanikacha,*
*Laniuliza rohoni, mbona kalamu naacha,*
*Nimeketi kitandani, naandika hadi kucha.*

Nilianza na "haujacha" tu, hizo "wanikacha" na "naacha" zilikuja kwa kutafutwa na kina, na nilipofika kwenye "naacha" ndo nikajua shairi linataka kusema nini. Kina ndicho kilichonipeleka huko, kabla ya hapo nilikuwa nawaza bomba tu.

Na kama unataka mfano mkubwa mtazame mshairi Abdilatif Abdalla. Alifungwa Kenya kuanzia 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa ulioitwa "Kenya: Twendapi?", na humo gerezani akatunga mashairi akiyaandika kwenye karatasi za chooni, yakaja kutoka kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki. Soma ule utunzi uone ulivyo na vina na mizani iliyotulia, na alikuwa mfungwa.

Nuru_ya_Asubuhi
Samahanini wakuu, mimi kidogo natofautiana na nyie. Mifano ya watu waliotunga gerezani ni mizuri lakini mtu anayeuguza akiisoma anaweza kujiona mvivu, mbona yule aliweza na mimi siwezi. Mimi nilimuuguza baba na kile kipindi sikuandika kitu, na sijuti. Yaliyotokea yote yalikaa kichwani na yakaja kutoka baadaye sana, mengine mpaka leo yanatoka. Dada au kaka (hujasema) kulala ukipata nafasi ya kulala ni muhimu kuliko ubeti. Na hiyo huzuni uliyoitaja usiipitie haraka, kama hata vitu ulivyokuwa unavipenda havikupi raha tena, usingizi hakuna, chakula hakiliki, na hali inaendelea wiki hadi wiki, hapo tatizo limepita kukosa wazo, ongea na daktari, hata huyohuyo anayemwona mama. Tafuta pia mtu wa kukupokea japo masaa machache.

Bint_Rangi
Nuru umeongea ukweli mtupu kuhusu kupumzika. Ila naona wote mnazunguka kitu kimoja, kazi ipunguzwe mpaka ilingane na nguvu zilizopo. Mimi mchoraji, na ninayemfikiria kila nikiishiwa nguvu ni Matisse, yule mchoraji wa Ufaransa. Mwaka 1941 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo, baada ya hapo muda mwingi akawa wa kitandani na kiti cha magurudumu, kusimama mbele ya turubai kubwa ikawa ngumu. Akahamia kwenye mkasi. Wasaidizi wake wanapaka karatasi rangi, yeye anakata maumbo na kuelekeza yabandikwe wapi ukutani, na amefanya hivyo mpaka alipofariki 1954. Zile picha za karatasi leo zinahesabika kati ya kazi zake bora kabisa! Kwa hiyo usijilazimishe kuandika kama ulivyokuwa unaandika ukiwa huru, tafuta mkasi wako ni upi. Labda ni kurekodi sauti badala ya kuandika, labda ni mistari miwili.

Halafu tembea, hata ndani. Watafiti wa chuo kikuu cha Stanford mwaka huohuo wa 2014 walikuta watu wakitembea wanatoa mawazo mapya mengi zaidi kuliko wakikaa, kwa wastani kama asilimia 60, na hata waliotembea kwenye mashine ndani ya chumba wakitazama ukuta mtupu walifaidika. Kwa hiyo huna haja ya safari, ukumbi wa nyumba unatosha, nenda rudi wakati mama kalala.

Kalamu_Kavu
Asanteni sana, nimesoma yote zaidi ya mara moja. Nuru mimi ni dada, na daktari nitaongea naye kweli, sikuwahi kufikiria kumweleza habari zangu, kila akija tunaongea ya mama tu. Mzee shikamoo, ule ubeti nimeukariri. Nina swali moja bado. Huyo mama ninayeambiwa niandike anavyogonga kitanda ni mama yangu na yuko hapa anaumwa, je ni haki kumgeuza kuwa hadithi?

Msimulizi
Swali zuri sana hilo. Kuandika kwenye daftari lako na kuwapa watu wasome ni vitu viwili tofauti. Daftarini andika kila kitu, hata yanayokuuma. Kutoa ni uamuzi wa baadaye, na kuna mambo ya mwili wake ambayo mimi nisingeyatoa kabisa bila ruhusa yake.

Nuru_ya_Asubuhi
Na muulize mwenyewe kama anaweza kuongea. Baba yangu nilipomwambia natamani kuandika habari zake alianza kunisimulia ujana wake, mambo ambayo hakuna mtu nyumbani aliyekuwa anayajua. Ilikuwa ni mazungumzo yetu mazuri kuliko yote ya kipindi kile.

Kalamu_Kavu
Huwa ana nguvu kidogo asubuhi baada ya dawa, nitamuuliza hapo. Mzee nimeanza ubeti ila mshororo wa pili unanigomea, "usiku mzima nakesha nikimtazama mama", nahisi umezidi.

Mzee wa Vina
Marahaba mwanangu. Kipande cha pili kiko sawa, ni-ki-m-ta-za-ma-ma-ma ukikihesabu vizuri ni nane, maana hiyo "m" ni silabi peke yake, usiongeze kitu. Cha kwanza ndo kimezidi silabi moja, kata "nakesha" iwe "kesha". Leta ubeti wote ukimaliza tuupitie pamoja.