Cessna 172 kuukuu: tuanze na vihisi au na bodi ya ndege?

Mwanahanga: Wakuu, klabu yetu ya chuo huku Marekani imepewa ndege ndogo ya Cessna 172 iliyolala miaka mingi. Tunataka iruke tena ikiwa na vihisi vya joto, unyevu na gesi. Tuanzie wapi? Na sisi tusio na leseni tunaruhusiwa kugusa nini?

Mgonga Riveti: Vihisi baadaye, kwanza kutu. Ng'oeni viti, zulia na sponji ya ukutani. Sponji hiyo hunywa maji ikayashikilia kwenye bati, na mkojo wa panya nao hula alumini. Mkiona unga mweupe, ndiyo kutu yenyewe. Sugueni kwa pedi ya nailoni, kamwe si brashi ya chuma: chembe zake hunasa kwenye alumini na kutu hurudi palepale. Pimeni unene uliobaki kabla ya kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati. Bati lililoliwa kupita kiwango cha mtengenezaji hubadilishwa, halifichwi kwa rangi.

Bati jipya hushikwa kwa riveti, vipini vya chuma vinavyogongwa. Riveti ya inchi 1/8 hutaka tundu la drili namba 30. Kichwa kilichogongwa kiwe na upana mara 1.5 ya kipenyo cha riveti, na kimo nusu ya kipenyo hicho. Kikilala upande, itoeni taratibu. Matundu mengi hupanuka wakati wa kutoa, si wa kugonga.

Mkaguzi wa Zamu: FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, inamruhusu asiye na leseni kufanya kazi chini ya fundi mwenye leseni, mradi fundi awepo na aangalie mwenyewe. Sahihi ni yake. Kihisi cha nje ya bawa kwa kawaida huhesabiwa mabadiliko makubwa, yanayoandikwa kwenye Fomu 337 ya FAA, kwa hiyo mwoneni mkaguzi kabla ya tundu la kwanza, si baada.

Mdomo wa kuvuta gesi ukae mbali na ekzosi, la sivyo mtapima moshi wenu wenyewe. Kihisi cha joto nacho hudanganya: kwa kilomita 185 kwa saa, hewa inayosimamishwa juu yake huongezeka joto kama nyuzi 1.3 za Selsiasi. Toeni hiyo kwenye hesabu.

Mwanahanga: Sanduku la kilo 15 likikaa sehemu ya mizigo?

Mkaguzi wa Zamu: Chukulia ndege tupu kilo 640, kitovu cha uzito mita 1.00 kutoka ukuta wa injini, sanduku mita 2.40. (640 × 1.00 + 15 × 2.40) ÷ 655 = 1.03. Kitovu kimerudi nyuma sentimita 3. Tumieni namba za ndege yenu baada ya kuipima upya; karatasi za zamani hazijui rangi na redio zilizoongezwa. Umeme pia: mzigo wa kudumu usizidi asilimia 80 ya uwezo wa alteneta, kifaa kinachozalisha umeme kwenye injini.